Mkate wa bakwiti umetoka tofali na ndani unanata, nakosea wapi?

"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Leipzig na familia yangu. Binti yangu wa miaka 9 amegundulika ana siliaki miezi miwili iliyopita na daktari kasema ngano basi, maisha yote. Mikate ya dukani isiyo na gluteni ni ghali, vipande vidogo, na ukigeuza nyuma viungo vimejaa mpaka sivielewi. Nikaona watu wanaoka mkate wa bakwiti, zile mbegu za pembe tatu wanazoziita Buchweizen huku, kwa maji na chumvi tu, nikasema hii ndo yangu. Mara ya kwanza nilinunua bakwiti ya kahawia duka la Warusi, nikaloweka nikasaga nikaacha siku nzima, haikuumuka hata kidogo na harufu ilikuwa kali. Mara ya pili nikapata nyeupe supamaketi, nikaloweka usiku kucha, asubuhi nikakuta ina utelezi nikaosha mpaka ukaisha, nikasaga, nikaona nyepesi nikaongeza unga na beking pauda nikakanda vizuri. Umetoka tofali, nikaukata wa moto ndani unanata kwenye kisu. Jirani yangu Mjerumani ameniahidi chachu yake ya mkate, anasema itasaidia. Shoga yangu naye kanitisha kwamba bakwiti nayo ni jamii ya ngano. Nyumba nzima tumeamua kuacha ngano, baba yake na mdogo wake pia, ili mtoto asijisikie peke yake. Desemba tunakuja Tanga, sijui huko nitamlisha nini. Naomba unielekeze tafadhali."

Dada, pole kwa hiyo miezi miwili na hongera kwa kuingia jikoni mwenyewe. Kwenye swali lako kuna mambo ya mkate na kuna mambo ya mtoto, na lile la haraka kuliko yote wala si la mkate, umelitaja mwishoni kama jambo la kawaida tu, kwa hiyo niruhusu nianze nalo.

Umesema nyumba nzima mmeacha ngano. Mdogo wake ameshapimwa? Baba yake je, na wewe mwenyewe? Siliaki, ugonjwa ambao gluteni, yaani protini ya ngano na nafaka za jamii yake, inaufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, inakwenda kwa ukoo, mzazi na ndugu wa damu wa mgonjwa wana nafasi kubwa kuliko watu wengine ya kuwa nayo, na wengi wao hawana dalili yoyote ya tumbo, mtu anakuwa tu na upungufu wa damu usioeleweka au mtoto harefuki. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinatafuta kingamwili ziitwazo tTG za aina ya IgA, na daktari anapima pia IgA ya jumla ili ajue majibu yanaaminika. Sasa hizo kingamwili mwili unazitengeneza pale mtu anapokula gluteni. Akiacha zinashuka taratibu, alafu mkimpeleka mdogo wake baada ya miezi kadhaa kipimo kinatoka safi kabisa wakati ugonjwa anao, mnarudi nyumbani mkishangilia bure. Miongozo ya Uingereza inataka mtu awe anakula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kwa siku, kwa wiki 6 angalau, kabla ya kupimwa. Kwa hiyo pigia simu daktari wenu wiki hii, mwambie hali ilivyo, yeye ndo atasema warudie kula kwa muda gani kabla ya damu kutolewa. Wanaweza kula mikate yao shuleni na kazini, nyumbani kukabaki salama kwa binti. Wakishapimwa wote, hapo nyumba nzima kuacha ngano ni uamuzi wenu na mi nauheshimu sana.

Haya, tuje kwa shoga yako. Bakwiti si jamii ya ngano. Ngano, shayiri na rai ni nyasi, zote zinatoa suke. Bakwiti ni mmea wa majani mapana na maua madogo meupe au ya pinki, na ndugu yake unayemwona sokoni hapo Leipzig ni Rhabarber, ile ya mashina mekundu wanayotia kwenye keki. Mbegu yake ina pembe tatu, ukishika kiganjani unaona kabisa haifanani na punje ya ngano. Protini zinazomuumiza binti yako, za ngano zinaitwa gliadini na glutenini na za shayiri na rai ni ndugu zake, bakwiti haina. Hapo uko salama.

Ila shoga yako usimtukane, maana kuna mahali woga wake una maana. Bakwiti inalimwa kwenye mashamba ambayo msimu mwingine yanalimwa ngano, inabebwa kwenye magunia na malori yaleyale na inasagwa kwenye vinu vilevile, kwa hiyo punje za ngano zinaingia kweli. Ulaya sheria inaruhusu kuandika glutenfrei pale tu chakula kinapokuwa na gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Nunua iliyoandikwa hivo, au yenye ile alama ya suke lililokatwa mstari, na ikiwa imeandikwa Spuren von Weizen iache hapohapo rafuni hata kama bei ni nusu. Hata ukinunua ya uhakika, mwaga punje kwenye sinia nyeupe uzipitishe macho kabla ya kuloweka, kama tunavyochambua mchele. Ya pembe tatu inabaki, ya mviringo mrefu yenye mfereji katikati inatoka. Ukiziona nyingi rudisha pakiti yote, usijidanganye kwamba umezitoa. Na mkate wa bakwiti unaouzwa kwa mwokaji wa mtaani usimpe kabla hujauliza, mara nyingi ndani yake ngano au rai ndo nyingi na bakwiti ni ya kunogesha. Tambi za soba za Wajapani nazo hivohivo, nyingi zimechanganywa na ngano.

Chachu ya jirani ikatae, kwa heshima zote. Chachu ya mkate ya Wajerumani kwa kawaida ni ya rai, na nyingine ni ya ngano, yaani ukitia kijiko kimoja umeshaharibu mkate mzima kwa mtoto. Kuna watu wanaamini kuchachusha kunamaliza gluteni kwa hiyo mkate wa chachu ya ngano ni salama. Hapana. Bakteria wanapunguza kiasi fulani, kinachobaki kwenye mkate wa kawaida wa chachu bado ni kingi mno kwa mwenye siliaki. Bakwiti inajichachusha yenyewe, haihitaji kuazima.

Sasa mkate. Dada wewe ni wa Tanga, naamini umeshakula mkate wa kumimina, ule wa mchele uliolowekwa ukasagwa na tui la nazi, hiliki na hamira, ukaumuka kwenye bakuli ukamiminwa kwenye sufuria. Kuna mtu aliwahi kuukanda ule? Hakuna, kwa sababu ule ni uji mzito, hauna cha kukanda. Mkate wa bakwiti ni mwenzake huyo. Wewe umeufanyia mambo ya ngano, na video nyingi nazo zinafupisha pale palipo muhimu, ndo maana umepata tabu.

Ukikanda ngano unachofanya ni kuziunganisha zile protini mbili mpaka zinakuwa utando unaovutika, hewa ya hamira inanaswa humo na donge linaumuka. Bakwiti haina huo utando, ukikanda mpaka kesho hautatokea, unachopata ni kutoa hewa kidogo iliyokuwemo. Kinachoshika hewa kwenye bakwiti ni uzito wa rojo lenyewe pamoja na ule utelezi ulioukuta asubuhi ukauosha. Ule utelezi ni ute wa mbegu, na ndo gundi ya mkate wako. Viputo vinavyotoka wakati wa kuchachuka vinakwama kwenye ute, rojo linapanda, alafu kwenye oveni joto la ndani likifika kati ya nyuzi 60 na 75 wanga unanyonya maji, unavimba na kukaza, viputo vinafungiwa humo. Kwa hiyo umbo la mkate linakuja kwenye oveni, mkono wako hauna kazi hapo.

Ukiyajua haya makosa yako yote yanajieleza. Bakwiti ya kahawia ya duka la Warusi imeshapikwa kwa mvuke na kukaangwa kabla ya kuwekwa kwenye pakiti, wanga wake umebadilika tayari, ute umepungua, na wadudu wale wazuri wa kuchachusha wanaokaa juu ya punje wameuawa na moto. Ile ni nzuri sana kwa kupika kama wali, kwa mkate huu haifai na hiyo harufu kali haiondoki. Unayoitaka ni mbichi, rangi yake krimu au kijani cha kupauka, haina harufu ya kukaangwa kabisa. Mara ya pili ulikuwa na punje sahihi ila uliosha gundi, ukajazia unga mkavu, na beking pauda yako ikapoteza hewa yake nyingi ulipokuwa unakanda. Halafu ukaukata wa moto, hapo hata mkate uliofanikiwa ungenata.

Fanya hivi. Pima gramu 500 za bakwiti mbichi, tumia mzani, usipime kwa kikombe. Chambua, suuza mara moja haraka kuondoa vumbi, kisha loweka kwenye maji mengi kwa masaa 4 mpaka 6, hakuna haja ya usiku kucha. Chuja kwenye chujio na uache maji yajitokee yenyewe dakika chache, usisuuze tena. Utaona nyuzinyuzi za ute zinaning'inia chini ya chujio, wacha. Tia kwenye blenda na mililita 250 za maji safi na chumvi gramu 10, hiyo ni kama vijiko vidogo viwili visivyojaa. Saga mpaka liwe rojo karibu laini lenye chembechembe kidogo. Uzito wake ndo kila kitu hapa: ukiinua mwiko linadondoka zito kwa pamoja, na alama yake inakaa juu ya rojo sekunde mbili tatu kabla ya kuzama. Likiwa linatiririka kama maziwa umezidisha, likikaa kama ugali ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Usiongeze unga. Ukizidisha maji bora uloweke punje nyingine kidogo usagie humo.

Mimina moja kwa moja kwenye tini la mkate la urefu wa sentimita 25 mpaka 30 ulilotandika karatasi ya kuokea, lisizidi theluthi mbili, funika kwa kitambaa kibichi uache lichachuke humohumo, maana kuhamisha rojo lililokwisha kuumuka ndo kupasua viputo vyake. Kwenye nyuzi 22 mpaka 25 inachukua kama masaa 18 mpaka 24. Jiko la Leipzig wakati wa baridi linaweza kuwa nyuzi 18, hapo litakaa tu likikuangalia, kwa hiyo liweke ndani ya oveni iliyozimwa huku taa yake imewaka, joto la taa linatosha. Usiangalie saa, angalia rojo. Linapanda kama theluthi hivi, usitegemee lijae mara mbili kama ngano, juu linatuna kidogo na vitundu vidogo vinaanza kutokea, ukinusa ni uchachu wa mtindi. Rangi ya kijivu juu isikutishe, ni hewa tu. Ila ukiona ukungu wenye manyoya, au madoa ya kijani, meusi au ya chungwa, au harufu ya kuoza, mwaga lote na tini ulioshe kwa maji ya moto, usikwangue juu ukaoka chini.

Likianza kubonyea katikati limeshapitiliza, lioke hivohivo ila utakuta pango chini ya ganda la juu. Hili pango watu wengi wanadhani ni tatizo la oveni, mara nyingi ni kuchachuka kupita kiasi au maji mengi.

Oveni iwe imeshapata moto nyuzi 200, oka dakika 20, shusha 180 uendelee dakika 50 mpaka 60. Dakika 10 za mwisho utoe kwenye tini ili chini na pembeni pakauke. Ukiwa na kipimajoto cha nyama choma katikati, kisome nyuzi 96 au zaidi. Usiamini kijiti cha mbao, kwenye mkate huu kijiti kinatoka kimelowa hata ukiiva. Ganda litapasuka pasuka juu, ndo sura yake hiyo.

Sasa hapa ndo penye mtihani: usiukate. Wanga uliovimba ukiwa wa moto bado ni laini na una maji ya kuhangaika, unahitaji kupoa ili ujipange na kukaza. Uweke kwenye waya upepo upite chini, masaa 4 kwa uchache, mi nashauri uoke jioni ukate asubuhi. Mkate ulionata wa saa moja ukiuacha mpaka kesho unakuwa mkate mwingine kabisa. Kata vipande vyembamba, weka karatasi katikati ya kimoja na kingine, vingine viende kwenye friza, kila asubuhi unatoa viwili unachoma kwenye tosta. Tosta yake peke yake dada, si ile iliyojaa chembe za mkate wa zamani.

Ukifuata hayo bado kuna mtu atakwambia tia hiki tia kile. Hamira kavu, ncha ya kijiko kidogo kwenye rojo, ni msaada mzuri kwa mara za kwanza hasa kwenye baridi, kazi inaisha kwa masaa 3 mpaka 5 na uchachu unapungua, jambo ambalo mtoto wa miaka 9 atalishukuru. Soma pakiti tu kama haina ngano, na usitumie hamira ya kutengenezea bia maana inaweza kuwa na shayiri. Isapgoli, yale maganda mepesi yanayouzwa maduka ya Wahindi kwa ajili ya tumbo, ni kiungo kizuri kweli, kijiko kikubwa kimoja kwenye rojo kinafanya kazi ya ute na kipande hakivunjiki mkononi, mi mwenyewe ningekitia kwa mkate wa kubeba shuleni. Kikizidi lakini mkate unakuwa mpira. Na hayo majina marefu yaliyokutisha nyuma ya mikate ya dukani, mengi ni gundi za namna hiyohiyo, hayana sumu, tatizo la mikate ile ni kwamba mingi imejengwa kwa wanga mtupu wa mahindi au viazi na nyuzinyuzi kidogo. Siku umechoka mpe, hakuna dhambi. Unga wa bakwiti wa pakiti nao unaweza kuutumia badala ya punje lakini hauna ute wa kutosha, hapo isapgoli inakuwa lazima.

Niwe mkweli kuhusu ladha. Hata ukifanikiwa kabisa mkate huu ni mzito, una rangi ya kijivu, una uchachu na una ladha ya udongo kwa mbali, mtoto aliyezoea mkate mweupe laini hataupenda kwa siku moja. Anza na nusu bakwiti nusu mchele, mchele uloweke peke yake usiku kucha maana ni mgumu zaidi, msage pamoja. Chakula chenyewe ni kizuri, gramu 100 za bakwiti kavu zina protini kama gramu 13 na ina laisini, kijenzi kimoja cha protini, nyingi kuliko ngano, na mtoto aliyetoka kugundulika utumbo wake bado unapona kwa hiyo kila kitu chenye madini na protini kinahitajika. Ila isiwe mkate huo kila mlo, achanganye na wali, viazi, mahindi, ndizi, maharage.

Jambo jingine ambalo wanaosifia bakwiti hawalisemi: kuna watu wana mzio nayo, na ukitokea unaweza kuwa mkali. Japani na Korea Kusini inajulikana sana mpaka sheria inalazimisha itajwe kwenye lebo. Siku ya kwanza mpe kipande kidogo, mchana, siku ambayo hana mafua wala pumu haijamshika, umwangalie. Mdomo ukivimba, akitoka vipele vya kuwasha mwili mzima, akikohoa au kukosa pumzi, piga 112 hapohapo usisubiri. Na mtu mwenye mzio wa bakwiti hata vumbi lake linaweza kumsumbua, kwa hiyo kama yupo nyumbani achana nayo kabisa, tumia mchele na mtama.

Tanga Desemba. Bakwiti huko usitegemee kuipata, beba kilo moja ukitaka, lakini kwa kweli hutaihitaji sana. Pwani yetu imejaa vyakula visivyo na gluteni kabla hata hujafikiria: mkate wa kumimina, vitumbua vya mchele, wali wa nazi, ugali, mihogo, magimbi, ndizi, uji wa ulezi au mtama, samaki wa kuchoma. Mitego nayo ipo. Mafuta yaliyokaangia mandazi yasikaangie muhogo wake. Unga wa lishe wa pakiti mara nyingi una ngano, uji wake upike wa nafaka moja uliyoichambua mwenyewe. Mashine ya kusaga ya mtaani inasaga nafaka za kila mtu na kinachobaki ndani yake kinaingia kwenye unga wako, kwa hiyo mchele wa vitumbua saga kwa blenda nyumbani. Vitumbua vya kununua barabarani usimpe bila kuuliza, wapo wanaotia unga wa ngano ili vishikane. Sosi ya soya, biskuti, vinywaji vya unga vyenye kimea cha shayiri, vyote hapana. Beba mwiko wake mpya, kikaango chake na kibao chake, kibao cha chapati hakisafishiki dada, mbao inanyonya.

Na bibi atasema kidogo hakidhuru, mtoto anyimwe hata chapati moja ya sikukuu? Mwambie kwa upole kwamba hii siyo fasheni ya Ulaya. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameshaanza kuishuku ngano miaka ya 1930, alafu njaa ya vita ya majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 ikamaliza mikate nchini, watoto wake wenye ugonjwa huu wakapata nafuu wakati wenzao wanadhoofika kwa njaa, na mikate iliporudi wakaanza kuugua tena. Akaja kuandika utafiti wake 1950. Chapati moja haitamuua binti, ila inaamsha mashambulizi ya mwili dhidi ya utumbo wake mwenyewe na anaweza asionyeshe chochote usoni, hapo ndo hatari yake, kwamba bibi ataona mbona mtoto mzima.

Hospitali usiiache eti kwa sababu jikoni mambo yameshakaa sawa. Kingamwili zake zinatakiwa zipimwe tena, kwa kawaida baada ya kama miezi 6, na mara nyingi zinachukua mwaka na zaidi kurudi chini kabisa, pamoja na kuangalia damu, madini ya chuma, vitamini D, na kimo na uzito wake. Muombe daktari akuandikie ukakae na mshauri wa lishe ana kwa ana mpitie jikoni kwenu kitu kwa kitu, na ile Deutsche Zöliakie-Gesellschaft ni jumuiya ya wagonjwa wenyewe, wana orodha za vyakula na wanashauri wazazi. Akiendelea kuharisha, kutapika, kupungua uzito au kuchoka sana wakati unaamini umeondoa ngano yote, usihangaike kubadilisha mapishi, mrudishe kwa daktari, mara nyingi kuna gluteni inaingia mahali hamjapaona na saa nyingine kuna kitu kingine kabisa.

Ukioka tena na chini ukakuta mstari umeloa, punguza maji mililita 30 na uongeze dakika 10. Ukikuta kavu na unavunjika, ongeza hizo 30. Badilisha kitu kimoja tu kila mara na ukiandike kwenye karatasi ubandike mlangoni mwa friji, na kama bado unakusumbua nitumie picha ya kipande kilichokatwa pamoja na gramu, masaa na joto la jiko lako.